Wazazi na Shule za Msingi: Habari za Tangu Zamani Hata Leo



Katika ripoti ya kila mwaka Chama hutoa hesabu ya fedha, habari za misiba na arusi, na majina ya walioingia na waliotutoka. Mwaka huu tumeona yafaa kuongeza jambo moja lisilopatikana katika vitabu vya hesabu, nalo ni habari ya jinsi wazazi wa nchi hii walivyohusiana na shule za watoto wao. Sababu yetu ni hii. Katika mikutano yetu husikika mara nyingi maneno mawili yanayopingana. Wazee husema kwamba mzazi wa siku hizi amemwacha mtoto wake kwa walimu kama mtu aliyeacha mzigo stesheni. Vijana nao hujibu kwamba shule humwita mzazi siku ya kudaiwa tu. Tukizichungua habari za zamani tutaona kwamba maneno yote mawili yana ukweli ndani yake, na kwamba hayakuanza jana.

Kabla ya shule za misheni

Huko pwani, kabla Mzungu hajafungua shule, palikuwa na vyuo vya Kurani. Mzazi alimchukua mwanawe mwenyewe akamkabidhi kwa mwalimu, na mwalimu huyo alikuwa mtu wa mtaa ule ule, waliyekutana naye msikitini. Mafunzo yalikuwa na kipimo kilichojulikana na wote. Kurani ina juzuu 30, na mtoto alipoulizwa amefika wapi, hata bibi yake asiyejua kusoma alilielewa jibu. Siku ya kumaliza jamaa walikusanyika, na mwalimu akapewa ada yake. Neno kuhitimu, ambalo leo twalitumia hata kwa Chuo Kikuu, lina asili yake katika neno la Kiarabu la kumaliza, na kwanza lilikuwa neno la chuoni.

Kule bara hapakuwa na kitabu, lakini mafunzo ya ujana yalikuwa mikononi mwa wazee wenyewe. Wao ndio waliochagua wakati wa tohara, wao ndio waliofundisha sheria za ukoo na heshima, na wao ndio waliopima kama kijana amefaulu. Kwa hiyo pwani na bara zilikuwa na jambo moja sawa: mzazi hakuhitaji kuletewa habari za shule, kwa kuwa shule ilikuwa mbele ya macho yake.

Misheni na wasomaji

Dr. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka 1846 yeye na Johannes Rebmann wakaweka makao Rabai. Kwa muda mrefu shule za misheni zilibaki karibu na pwani. Reli ilipofika ziwani mwaka 1901 misheni zikaenea upesi. Marafiki walifika Kaimosi mwaka 1902, na shule ya Maseno ikaanzishwa mwaka 1906.

Hapo uhusiano wa zamani ulikatika. Mtoto aliyeingia shule aliitwa msomaji, na wengi wa wasomaji walihama nyumbani wakakaa karibu na misheni. Baba alipoteza mchunga ng'ombe, asijue amepata nini badala yake. Mwalimu alitoa habari zake kwa misheni, na misheni ikaandika kwa wakuu wake ng'ambo. Mzazi hakuandikiwa ripoti, na kama angeandikiwa asingeweza kuisoma. Si ajabu basi kwamba wazee wengi walikataa kuwapeleka watoto. Watu husema walikataa kwa ujinga, lakini sisi twaona ya kuwa mtu hukataa pia kutoa kilicho chake mahali ambapo hataambiwa kimetumiwaje.

Wazazi wadai shule

Baada ya Vita Kuu ya kwanza mambo yaligeuka, na wazazi wale wale wakaanza kudai shule kwa sauti kubwa. Yafaa wanachama wakumbuke kwamba vyama kama hiki chetu vilikuwa mstari wa mbele. Mwezi wa Desemba 1921 watu wa Nyanza walikutana Lundha, wakaunda Young Kavirondo Association, na miongoni mwa mambo waliyoiomba Serikali ni shule ya Serikali katika nchi yao. Mwaka 1923, chini ya uongozi wa kasisi Walter Owen wa C.M.S., kikaundwa chama cha ustawi cha walipa kodi wa Kavirondo. Watu hao walikuwa wamekwisha kutambua kwamba anayelipa kodi ana haki ya kuuliza.

Kuanzia mwaka 1925 yaliwekwa Mabaraza ya Wenyeji katika wilaya, na hayo yalitoza ushuru wa ziada ili kujenga shule. Shule za Serikali za Kakamega na Kagumo zilizojengwa katika miaka ya 1930 zilisaidiwa na fedha za namna hiyo. Mtu aliyetoa shilingi yake huenda hakuwa na mtoto hata mmoja shuleni. Lakini alijua imekwenda wapi, kwa kuwa mjumbe wake alirudi kutoka barazani akaeleza.

Shule iliyokwenda nyumbani

Katika miaka hiyo palifanyika jaribio moja ambalo twapenda lisisahauliwe. Mwaka 1907 Anna Jeanes, mwanamke wa Philadelphia huko Marekani, aliyekuwa wa dhehebu la Marafiki, alitoa mali yake kwa ajili ya shule za vijijini za watu weusi wa kusini. Mwalimu wa kwanza aliyelipwa kwa fedha hizo alikuwa Virginia Randolph, mwaka 1908, katika jimbo la Virginia. Kazi yake ilikuwa kutembelea shule ndogo ndogo na pia nyumba za wazazi, kufundisha usafi, ushonaji na bustani, na kuwaunganisha watu wa kijiji katika kuitengeneza shule yao.

Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilifika Afrika ya Mashariki. Mmoja wa wajumbe wake alikuwa Dr. James Aggrey, Mwafrika mzaliwa wa Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana. Mwaka uliofuata ikafunguliwa Shule ya Jeanes huko Kabete. Mwalimu alikwenda huko pamoja na mkewe na watoto wake. Yeye alijifunza kusimamia shule za vijiji, na mkewe alijifunza malezi ya watoto, upishi na usafi wa nyumba. Kisha walirudi kwao, mwalimu akazunguka shule za jirani, na mama akawafundisha wanawake wenziwe. Hivyo shule iliondoka pale ilipo ikamfuata mzazi nyumbani kwake.

Jaribio hilo lilikuwa na kasoro. Walimu hao walikuwa wachache kwa nchi kubwa, na watu wengi walishuku kwamba elimu ya jembe na sabuni imeletwa ili Mwafrika asipewe elimu ya vitabu. Shaka hiyo haikuwa ya bure, maana shule za sekondari zilikuwa za kuhesabika. Hata hivyo jambo lenyewe lilikuwa jema: mwalimu kupiga hodi kwa mzazi bila kuja kudai kitu. Mahali pale Kabete pakawa chuo cha kufundisha watumishi wa Serikali mwaka 1961, lakini desturi ya kupiga hodi haikurithiwa na shule zetu.

Shule za wazazi wenyewe

Mwaka 1929 ulizuka ugomvi mkubwa kati ya misheni kadhaa na Wakikuyu juu ya tohara ya wasichana. Desturi hiyo imekatazwa na sheria ya nchi yetu tangu 2011, nasi hatuileti hapa ili kuitetea. Tunalotazama ni yaliyozipata shule. Wazazi wengi waligundua kwamba shule waliyoijenga kwa mikono yao, juu ya ardhi ya ukoo wao, inaweza kufungiwa watoto wao kwa amri ya mtu mwingine. Wakatoka, wakajenga zao. Katika miaka ya 1930 jamii mbili, yaani Kikuyu Independent Schools Association na Kikuyu Karing'a Educational Association, zilisimamia shule hizo. Mwaka 1939 Mbiyu Koinange alianzisha chuo cha walimu cha Githunguri, na baadaye Jomo Kenyatta alikiongoza. Fedha za majengo zilichangwa kwa marika, kila rika likishindana na jingine.

Walimu wa shule hizo hawakuwa wote na mafunzo ya kutosha, na vitabu vilikuwa haba. Lakini ndani yake mzazi alikaa katika kamati, akamjua mwalimu, akajua mshahara wake na deni la mabati. Hali ya Hatari ilipotangazwa mwaka 1952 Githunguri ikafungwa, na shule nyingi za namna hiyo zikafungwa pia. Serikali ilifunga majengo, lakini ujuzi wa kuendesha shule kwa kamati ulibaki vichwani mwa watu.

Wakati huo huo ikatolewa ripoti ya kasisi Leonard Beecher, mwaka 1949. Ilipanga elimu ya Mwafrika katika mafungu matatu ya miaka minne minne, na mwisho wa mwaka wa nne ukawekwa mtihani. Kwa watoto wengi huo ukawa ndio mwisho wa kusoma. Ilipinga pia shule kuongezwa bila usimamizi, na jambo hilo lilikuwa na hekima yake. Lakini wazazi wengi waliona mlango umefungwa mbele ya watoto wao na watu ambao hawakuwauliza, wakanung'unika kila mahali. Mpango usioelezwa kwa mzazi, hata ukiwa na mema ndani yake, huonekana machoni pake kuwa hila.

Harambee, na mwaka 1974

Uhuru ulipopatikana tarehe 12 Desemba 1963, mwito wa Harambee uliwakuta watu waliokwisha kuzoea. Mawe yalibebwa, matofali yakachomwa, na madarasa yakasimama ambapo palikuwa pori. Sheria ya Elimu ya 1968 iliziweka shule za msingi chini ya mamlaka za wilaya na miji, makanisa yakabaki kuwa wafadhili, na kila shule ikawa na kamati yake.

Kisha ikaja amri ya Desemba 1973, iliyofuta karo katika madarasa manne ya kwanza. Wanafunzi wa shule za msingi, waliokuwa karibu milioni 1.8 mwaka 1973, walifika karibu milioni 2.8 mwaka 1974. Furaha ilikuwa kubwa. Lakini madarasa hayakuwapo, wala madawati, na shule zikaanza kutoza fedha za kujenga. Katika sehemu nyingi fedha hizo zilizidi karo iliyofutwa. Mzazi aliyesikia katika redio kwamba masomo ni bure alifika shuleni akakuta anadaiwa zaidi ya mwaka uliopita, wala hakukuwa na mtu wa kumweleza sababu. Watoto wengi walioingia kwa shangwe wakaondoka kimya. Hapo ndipo twaona gharama ya habari kukosekana: katibu wa kamati hakuilipa, wala afisa wa elimu hakuilipa. Aliyeilipa ni mtoto.

Jambo kama hilo lilitokea tena mwaka 1985, mpango wa 8-4-4 ulipoanza. Wazazi waliambiwa waongeze darasa la nane na wajenge karakana upesi. Walijenga, kwa kuwa desturi ya Harambee ilikuwa na nguvu. Hata hivyo katika shule nyingi mkutano wa wazazi ukawa na maana moja tu, yaani mchango, na asiye na fedha akaona aibu kuhudhuria. Mtu akikaa nje ya mikutano miaka minane, mtoto wake humaliza shule yeye asijue hata jina la mwalimu wa darasa.

Tangu 2003 hata leo

Mwezi wa Januari 2003 Serikali ilifuta karo katika shule zote za msingi za umma. Wanafunzi waliokuwa karibu milioni 6 wakapita milioni 7. Mwaka uliofuata mzee Kimani Maruge, mwenye umri wa miaka 84, aliingia darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, na moja ya sababu zake ilikuwa kutaka kujisomea Biblia mwenyewe. Wazee wetu watamwelewa kuliko vijana, maana asiyejua kusoma hulazimika kuamini kila analosomewa.

Serikali ilipanga kutoa shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka. Shilingi 650 ziliingia katika akaunti ya vitabu na vifaa, na shilingi 370 katika akaunti ya matumizi mengine. Shule zilitakiwa kubandika ubaoni hesabu ya fedha zilizopokewa, ili kila mzazi aione. Huo ulikuwa utaratibu mzuri kupita wote uliotangulia, kwa kuwa wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini wazazi wengi walielewa neno bure kuwa maana yake shule si yao tena. Waliacha kuhudhuria, na kwa kuwa hawakuhudhuria hawakusoma ubao. Karatasi ya hesabu ikakauka juani bila msomaji.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilikwenda mbele zaidi. Kwa sheria hiyo kila mzazi mwenye mtoto katika shule ni mwanachama wa Chama cha Wazazi cha shule hiyo, pamoja na mjumbe wa walimu. Kila darasa lina mwakilishi wake katika kamati. Chama hukutana katika mkutano mkuu wa kila mwaka, na watu sita huchaguliwa kuwawakilisha wazazi katika Bodi ya Usimamizi. Tena kazi ya chama hicho haikuwekwa kuwa fedha peke yake. Kilipewa pia kuangalia afya na lishe ya watoto, na kudumisha uelewano kati ya wazazi na walimu. Mtaala ulioanzishwa katika shule za nchi nzima mwaka 2019 nao ulimtaka mzazi amsaidie mtoto kazi za nyumbani na kuzishuhudia. Mambo ambayo wazee wa Lundha waliyaomba kwa barua na kwa mikutano, sisi twayo katika sheria.

Mafundisho tunayoyapata

Tukizikusanya habari hizi zote, fundisho moja latokea wazi. Wazazi wa Kenya hawakushindwa kutoa. Walitoa ng'ombe, siku za kazi, ushuru, mawe na karo. Waliposhindwa ni pale walipotakiwa kutoa bila kuambiwa, au walipoambiwa kwamba hawatakiwi kutoa wakadhani hawatakiwi kujua. Habari hutangulia, na mchango hufuata. Shule iliyofanya kinyume ilipata fedha mwaka mmoja, ikakosa wazazi miaka kumi.

Jambo hili latuhusu sisi hasa, kwa kuwa wengi wa wanachama wako kazini mijini, na watoto wao wasoma nyumbani chini ya uangalizi wa bibi na babu. Barua ya shule humfikia mzee asiyejua Kiingereza, na ujumbe wa simu humfikia baba aliye mbali, asiyemwona mtoto. Kila mmoja hupata nusu ya habari. Kwa hiyo twatoa mashauri yafuatayo.

Kwanza, kila mwanachama ahakikishe kwamba daftari la shule lina jina lake na namba yake ya simu, na pia jina la mtu aliyeachiwa mtoto nyumbani.

Pili, ripoti ya mtoto isomwe kwa sauti nyumbani, kwa lugha inayoeleweka na wote, mtoto mwenyewe akiwapo. Ripoti isifichwe sandukuni kama hati ya shamba.

Tatu, mkutano mkuu wa wazazi uhudhuriwe. Asiyeweza kufika amtume ndugu, na ndugu huyo aulize mambo matatu: mtoto wetu amehudhuria siku ngapi, anasoma na kuhesabu kwa kiasi gani, na fedha za shule zimetumiwaje. Maswali hayo yaulizwe kwa adabu, na majibu yaandikwe.

Nne, wanachama wetu walio walimu twawaomba wafanye kama walimu wa Jeanes walivyofanya. Kila muhula waite wazazi mara moja bila kuomba senti, wawaonyeshe madaftari ya watoto, wakawatembelee wale wasiofika. Tarehe itolewe mapema, wala isigongane na siku ya soko, na maneno yasemwe kwa lugha ambayo bibi wa mtoto ataifahamu.

Tano, wazee wasingoje kualikwa siku ya kugawa zawadi tu. Wao ndio wanaojua nani alitoa ardhi ya shule, nani alichoma matofali ya kwanza, na mti wa uwanjani ulipandwa na nani. Mtoto akizisikia habari hizo ataelewa kwamba shule hiyo ni ya watu wake.

Hatuandiki haya kuwalaumu walimu, ambao wengi wana watoto kupita kiasi katika darasa moja, wala kuwalaumu wazazi wanaotoka alfajiri na kurudi usiku. Mkono mmoja haulei mwana, na mkono wa pili hauwezi kusaidia kama haujui wa kwanza umeshika nini. Mwanachama atakayekwenda mkutano wa shule muhula ujao twamwomba aulete kwa katibu muhtasari wa aliyoyasikia, hata kama ni ukurasa mmoja. Muhtasari hizo zitahifadhiwa katika faili za Chama, pamoja na vitabu vya hesabu, ili atakayetaka kuandika habari za shule zetu baada yetu apate mahali pa kuanzia.